Picha za Maji Maji nilizosema ni zako

Stamili, nimejinasa mwenyewe.

Nimempelekea Baba Faidha wa studio zile picha nilizopiga kwenye igizo la vita vya Maji Maji. Niliona aibu, nikasema ni za rafiki yangu.

Akazitazama moja moja. "Mwanga mzuri. Lakini nyuma ya shujaa huyu kuna bodaboda! Na huyu kakatwa kichwa kabla Mjerumani hajamfikia."

Nikacheka. Stamili, nilicheka!

Kisha akasema, "Ana jicho la picha huyu rafiki yako, ila anaogopa watu. Anasimama mbali mno. Asogee."

Ningesemaje ni mimi, na nimeshacheka?

"Jumamosi mlete nimfundishe. Anaitwa nani?"

Nikataja jina lako.

Tafadhali njoo. Jifanye unaogopa watu. Mimi nitakaa karibu nisikilize.