Baridi Niliyokutengenezea

Mama Neema,

Bado nakuita kwa jina la mtoto wetu, kama zamani. Mvua imechelewa tena mwaka huu. Kwenye atelye yangu ya kutengeneza majokofu, hapa Buyenzi mjini Bujumbura, wateja wanasema mbingu imejifunga kwa sababu ya damu ya vita hivi. Nikajaribu kuwaeleza vile ulivyokuwa ukiwafundisha wanafunzi wako: kwamba dunia imepoa na kupata joto mara nyingi, kwa sababu njia yake ya kuzunguka jua hubadilika kidogo kidogo, na yenyewe huinama na kuinuka, taratibu mno. Kwamba enzi za barafu kubwa, mvua zilipungua huku kwetu hadi ziwa letu likashuka, na pale ufukweni Kajaga mtu angetembea kwa miguu mbali sana, mahali mitumbwi inapopita leo. Na kwamba joto la sasa linakuja mbio, kwa moshi na gesi zetu sisi watu. Nilichanganya mambo, wakanicheka. Nikageuka ili nikuulize. Huwa nageuka hivyo kila siku tangu ufe, na kila mara naumia upya.

Unakumbuka ulivyonitania, mimi fundi wa frigo? "Baba Neema, we unafanya baridi mu frigo, inje unafanya joto." Gesi inayovuja inapanda juu, ulisema, inaifunika dunia kama blanketi. Nikakujibu kwamba wateja wangu wanataka bia baridi, hawajaniuliza habari za mbingu. Ulicheka mpaka ukaweka chini madaftari uliyokuwa unasahihisha.

Kisha gari ulilopanda kutoka Bugarama likapigwa risasi. Walikuleta mjini umeshakufa. Mama yako alikuwa ng'ambo, Uvira, upande wa Kongo, na mpaka umefungwa. Alituma neno kwa mchuuzi mmoja: "Musimuzike bila mi. Nitakuja." Lakini chumba cha baridi cha hospitali kilikuwa kimeharibika, na kwa joto la Bujumbura ingebidi tukuzike siku ileile.

Hili hulijui, ndiyo maana nakuandikia. Chumba kile nilikitengeneza mimi. Nilibeba chupa ya gesi ya mwisho niliyokuwa nayo, maana tangu nchi iwekewe embargo, bidhaa zikazuiwa kuingia, haipatikani tena. Siku zote mashine ikivuja huwa naiongezea gesi tu, mteja anaenda zake. Safari hii nilitafuta tundu kwa povu la sabuni, bomba moja baada ya jingine, nikaliziba kabisa, kwa sababu ulikuwa pale nyuma ya mlango na nilikuwa nakusikia ukinigombeza. Mashine ilipoanza kunguruma nilikaa sakafuni nikalia. Halafu, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilifurahi kwamba imeshika baridi.

Mpaka ulipofunguliwa, mama yako alifika. Alifunua shuka, akakugusa shavu, kisha akauchukua mkono wako na kuanza kuusugua kati ya viganja vyake, kama mtu anayemwandaa mtoto kwenda shule asubuhi. "Baba Neema," akaniambia, "juu ya nini mumemuweka mu baridi hivi? Huyu mutoto anaogopaka baridi tangu kuzaliwa."

Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anauliza kweli. Chumba kile kilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, nami niliifanya ili akukute, akakukuta unasikia baridi.

Nilizima mashine kwa mkono wangu mwenyewe. Makaburini walituonyesha nafasi chini ya mti, wakasema pale ni pazuri, kuna kivuli. Nilikataa. Walinishangaa, lakini mama yako alinielewa, akanishika bega. Tukachagua pale jua linapopiga tangu asubuhi mpaka linapozama nyuma ya milima ya Kongo.

Lala, mke wangu. Neema nitamlea. Na kaburi lako nitalipalilia mwenyewe. Maadamu niko hai, hakuna mti utakaoota hapo ukakutia kivuli.