Wageni Wako Hawakuwa Wamechoka

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa barazani, kwenye ile benchi yako ambayo mguu mmoja haujawahi kutulia. Ndani wageni wanagombania chai ya tangawizi iliyobaki kwenye birika. Vyumba vyote vinne vimejaa. Nakwambia hilo kwanza kwa sababu najua ungeniuliza hilo kwanza, kabla hata ya kuniuliza kama nimekula.

Vitanda bado ni vifupi. Ulivichonga kwa kipimo cha mwili wako mwenyewe, ukasahau kwamba duniani kuna watu warefu. Yule Mholanzi, mgeni wetu wa kwanza kutoka Ulaya, alilala miguu ikining'inia nje, na asubuhi akakuonyesha kwa adabu mahali kitanda kilipoishia. Hukubishana naye. Ulichukua kigoda cha jikoni, ukakiweka mwisho wa kitanda, ukalaza mto juu yake, ukasema, "Sasa kimefika." Vigoda vipo mpaka leo, kila chumba na chake. Wiki iliyopita mgeni mmoja aliandika mtandaoni: "Vitanda vifupi, makande matamu, na mwenye nyumba atakupa chepe." Nilicheka peke yangu jikoni, halafu nikajikuta nalia. Hilo la chepe ndilo lililonifanya nishike kalamu, maana kuna jambo lazima ulisikie kutoka kwangu.

Nilikuwa darasa la saba ulipofyatua matofali ya chumba cha kwanza. Watu wa Gonja walikucheka, wakasema seremala amechanganyikiwa, nani atapanda mlima wote huu aje kulala kwake? Wakaja. Walikuja watembezi wa msituni, wakaja watu wa harusi waliokosa pa kulala, wakaja maharusi wa Dar waliotaka kuonja baridi, wakaionja mpaka wakaomba mablanketi manne. Hukuwa na orodha ya vyakula. Mgeni alikula tulichokula sisi, mezani petu, baada ya sala, na siku ya kwanza ilikuwa makande, apende asipende. Ulimuuliza jina lake ukalirudia mpaka ukalipatia, kisha ukamuuliza na la baba yake.

Halafu kulikuwa na asubuhi za msaragambo. Pembe ilipolia kule juu kwa Mzee Elisante, kila nyumba ilitoa watu kwenda kuzoa tope kwenye ndiva, lile bwawa letu la mababu linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi kwa zamu, leo nyumba hii, kesho nyumba ile. Nyumba nyingine zilitoa vijana wao. Wewe ulitoa wageni.

"Jana umeoga?" ulimuuliza mtu akiwa bado na chai mdomoni.

"Nimeoga, mzee."

"Basi yale ndiyo maji yako. Twende."

Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilirudi kutoka Arusha na cheti changu cha mambo ya hoteli, na miaka mitatu ya kazi mahali ambapo mgeni hakuruhusiwa hata kubeba begi lake mwenyewe. Nilijiona najua kila kitu. Nilikwambia, "Baba, watu wanakuja hapa kupumzika, wewe unawapeleka kwenye matope!" Ukanijibu, "Mbona wakirudi wanaongeza sahani ya pili?" Hukuwahi kunieleza zaidi ya hapo, na mimi sikuwahi kukuuliza kwa nia ya kusikia jibu.

Unaikumbuka asubuhi ninayotaka kuisema. Nilijua pembe ingelia siku hiyo. Niliamka mapema, nikawafungia wale wageni wanne viazi na mayai ya kuchemsha, nikawatoa na mwongozaji wao kuelekea msituni kabla hujamaliza kufunga kamba za viatu. Ulipoingia na machepe matano mezani hapakuwa na mtu. Sikumung'unya maneno. Nilikwambia, "Nimewapeleka msituni. Kuhudumia wageni sasa ni kazi yangu." Uliyaegemeza machepe ukutani, moja moja, ukabaki na lako lile lenye waya kwenye mpini, ukapanda peke yako na goti lako bovu. Ulirudi mchana, tope mpaka kiunoni. Ukaoga, ukala, ukanisifia mboga. Huo ulikuwa msaragambo wako wa mwisho, kwa sababu mvua za vuli hazikukukuta.

Nilikuzika vizuri, Baba, na nyumba nikaishika vizuri. Nasema hivyo bila haya. Shuka ni nyeupe, maji ya moto yanapatikana bila kuni, njia ya kutoka barabarani nimeipanga mawe. Wageni waliongezeka. Msaragambo ulipoitwa nilimtuma kibarua aende kwa niaba yetu, tena mwenye nguvu kuliko wageni wako wote kwa pamoja. Majirani hawakusema kitu. Nilidhani wameridhika.

Kiangazi kilichopita nilipata familia moja ya watu tisa kutoka Dar, watu wazuri, wachangamfu, ila walioga asubuhi, mchana na jioni, kana kwamba bado wako kwenye joto la kwao. Siku ya tatu niligonga tenki, likatoa mlio wa utupu. Zamu yetu ilikuwa bado siku mbili. Alfajiri nilipanda mwenyewe mpaka kwenye ndiva, nikavuta kizibo, nikayageuzia maji kwenye mfereji wetu mpaka tenki likajaa. Nilijiambia ni saa moja tu, nani ataona. Mimi, niliyezaliwa hapa, niliyefundishwa kuheshimu zamu kabla sijajua kusoma. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Mama Nanzia, mjane wa nyumba ya chini, na tangawizi yake ilikuwa inayasubiri maji hayo wiki nzima.

Saa nne Mzee Elisante alikuwa uani kwangu. Yeye ndiye msimamizi wa ndiva, unajua asivyopenda maneno mengi. Chai alikataa.

"Zamu ya nyumba hii imesimama," alisema.

"Mpaka lini, mzee?"

"Mpaka watu waseme."

Akageuka akaenda zake. Mbele yangu kulikuwa na wageni wengine waliotarajiwa baada ya majuma mawili, na bila maji nisingeweza kumpokea hata mmoja. Ningefunga nyumba uliyoijenga kwa mikono yako, na si kwa kukosa wageni, bali kwa kukosa majirani. Jeuri yangu niliila kwa ndoo, kutoka kijitoni mpaka jikoni, na watu niliopishana nao njiani walinisalimia vizuri tu bila kusimama.

Siku ya tano nilipiga moyo konde nikateremka kwa Mama Nanzia. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Karibu haikufuata.

Nilimwomba radhi nikiwa nimesimama. Nilimwambia nitamlimia, nitambebea maji, chochote atakachotaka. Akasema tangawizi yake haikufa, imeshtuka tu. Nami, badala ya kunyamaza, nikaanza kujitetea. "Nilikuwa na wageni, mama."

"Wageni gani?"

"Wa Dar, familia ya..."

"Nakuuliza wageni gani, Nakiete? Baba yako wageni wake alituletea, tukawajua. Yule mrefu alivunja mpini wa jembe langu, akakaa na baba yako siku nzima wakanichongea mwingine, huu hapa. Yule dada wa Tanga alitufundisha wimbo. Wa kwako tunaona vumbi la magari. Unataka tutoe maji yetu kwa watu tusiowajua hata jina?"

Niliketi chini pale pale bila kukaribishwa. Miaka yote hiyo nilidhani unatafuta mikono ya bure. Kumbe mikono yenyewe ilikuwa ya nini? Mgeni anazoa tope mara tatu, ya nne anapiga picha. Ulikuwa unawapeleka wakajulikane. Ulitaka maji yakipungua asiwepo mtu mlimani hapa wa kuuliza ni ya nani.

Mama Nanzia hakuwa amemaliza. "Na siku ile alipokuja peke yake, tulimuuliza wako wapi. Akasema, wageni wangu wamechoka, wamefika wamechoka sana, niacheni niwafanyie. Akazoa sehemu ya watu watano na goti lile."

Hilo sikulijua, Baba. Uliniambia mboga ni tamu, basi. Nililia mbele ya ule ungo mpaka Mama Nanzia akausogeza katikati yetu, akasema, "Lia, mwanangu. Ukimaliza unisaidie kuchambua."

Pembe ililia Jumamosi ya wiki ile waliyofika wageni wapya. Sikuwafungia watu milango. Niliwaambia tangu mwanzo kwamba maji ni ya ndoo, na kwa nini. Walikuwa sita: wakili mmoja kutoka Dar aitwaye Rehema, mwenye kucha ndefu za kubandika, wazee wawili Wajerumani, mume na mke, na wanafunzi watatu wa chuo kutoka Moshi. Nilisimama mezani kwenye nafasi yako.

"Jana mmeoga?"

Wakatazamana. Rehema akasema, "Tumeoga, dada, nusu ndoo kila mtu. Kwani vipi?"

"Basi twende."

Sauti ilitoka kama yako, na nilifurahi ilivyotoka. Nikagawa machepe. La kwako lenye waya nililishika mimi.

Ungewaona! Rehema aliacha kucha mbili kwenye tope na kiatu kimoja, akakataa kutoka. Yule mzee wa Kijerumani alitaka kwanza kueleza namna bora ya kupanga foleni ya kupitishia ndoo. Akasikilizwa kwa heshima, kisha akawekwa katikati ya foleni ile ile ya siku zote. Wanawake waliwauliza majina wakayarudia mpaka wakayapatia, wakauliza na ya baba zao. Tulikula makande pale pale ukingoni, mikono ikiwa bado na tope kwenye kucha, sinia moja watu wanane. Sahani za kuongeza sikuzihesabu. Tulipokuwa tunakula Mama Nanzia alisimama, akajifuta mikono kwenye kanga. "Mimi nasema," alisema. "Nyumba hii irudishiwe zamu." Mwingine akasema, na mwingine. Mzee Elisante akaniambia zamu yetu ni Jumanne, na Jumanne bomba la chumba cha tatu likakohoa, likatema tope, likatoa maji. Rehema aliyesubiri na taulo begani alipiga vigelegele mpaka wakasikia huko chini.

Nimeruka jambo moja la asubuhi ile, na nimeliruka makusudi ili nikwambie mwisho.

Kabla ya kazi Mzee Elisante huita nyumba, unajua. Akafika kwetu. Bado anaita jina lako. "Nyumba ya Zakaria?" Mwaka mzima aliyeitikia hapo ni kibarua. Nikasema, "Tupo." Halafu nikasema, "Mzee, kabla hujaendelea nina neno." Watu wakanigeukia. Nikasema, "Siku ile baba yangu alipokuja peke yake akawaambia wageni wake wamechoka, hawakuwa wamechoka. Niliwaficha mimi. Niliona aibu ya kazi hii. Baba alinisitiri."

Hakuna aliyeshangaa, Baba. Mzee Elisante alinitazama kidogo, kwa upole ambao sikujua anao.

"Tuliwaona wakipita kwenda msituni," alisema. "Na baba yako alijua tumewaona. Leo mko wangapi?"

"Saba, mzee."

Akaita nyumba inayofuata.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kumbe wote mlinisitiri, mlima mzima, na wewe ukizoa mbele yao huku wote mkijua. Nimekuwa nikijiuliza ningekwambia nini kama ungekuwa umekaa hapa kwenye benchi yako mbovu, na sipati neno kubwa zaidi ya nisamehe, na asante. Vitanda sitavirefusha. Wageni wako hawakuwa wamechoka; aliyechoka ulikuwa wewe, ukaenda. Lala sasa, Baba yangu. Pembe ikilia, nitaitika mimi.

Mwanao wa mwisho,
mwenye chepe lako.