Chupa ya Danganya Toto

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha uani,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hujambo huko ugenini? Kile kifua kimepoa? Wifi na mapacha nao wazima? Sisi tunapumua. Ila ule mpango wako kwamba nikihamishwa kikazi mwezi ujao Mama abaki peke yake na jiko la gesi, unanikereketa. Usiniite Mama Shaka kabla hujanisoma hadi mwisho.

Maabara kwetu tunachunguza harufu pacha. Molekuli zake ni kama mkono wa kulia na wa kushoto: zinafanana kila kitu, lakini glavu ya huu haiuingii ule. Moja hunukia mnanaa, nyingine kiungo cha kisibiti. Tunaziweka kwenye utando mwembamba wa mafuta, kama ule unaozunguka kila seli mwilini, na moja huzama ndani zaidi kuliko mwenzake. Mafuta hayana pua, Kaka, lakini yanazitofautisha.

Sasa njoo kwa Mama. Juzi maziwa yaliungua, harufu ikanipokea getini. Yeye kakaa mlango wa pili toka jikoni anashona kifungo. Nilipomuuliza, eti harufu ni ya jirani. Jirani mwenyewe kasafiri!

Nikaleta chupa mbili za kazini. Nilishamsimulia ya mnanaa na kisibiti, basi akanusa, akapatia zote. Nikafurahi, kisha roho ikakataa. Macho yake yalikuwa usoni kwangu, na uso wangu anausoma tangu sijaota meno.

Kazini, kati ya chupa, huwa tunapenyeza moja ya maji matupu kumnasa anayebahatisha. Tunaiita danganya toto. Leo nimechukua chupa mbili safi, zote nikajaza maji, nikampa mgongo, nikajifanya napanga vikombe.

Ya kwanza akasema mnanaa. Ya pili aliivuta kwa raha zake, akasema, "Hii ndiyo kisibiti, mwanangu. Mwambie kaka yako pua yangu nzima."

Basi nimekwambia kama alivyonituma. Sikuwa na moyo wa kumuumbua. Nilikwenda jikoni nikafunga mtungi wa gesi, nikalia huko huko. Naogopa, Kaka. Usimwache peke yake.

Wasalimie wifi na mapacha. Mama yuko mlangoni, anauliza mbona barua ndefu. Nimemwambia nakusifia pua yake.

Mungu akulinde wewe huko, na jiko letu huku.

Akupendaye hata ukimwita Mama Shaka,
Kitindamimba wenu.