Nzi wa Maharagi ya Mama

Swima, jumamosi, siku ya posho, asubui

Kwako yaya, mukubwa wangu Barutwanayo, huko Rumonge,

Ikala kwanza, mbele ya kusoma! Unakumbuka zile nyuki ndogo za maharagi ya Mama, zenye zinasimama katika hewa kama zimefungwa na uzi? Si nyuki, yaya! Ni nzi! Nimehesabu mabawa: mbili tu, na nyuki iko na ine. Haiumi hata kidogo.

Na vile vidudu vya kijani tulikuwa tunaua na majivu, ni batoto yake. Vinakula chawa zenye kunyonya majani. Miaka yote tunaua basaidizi wetu!

Madame Dorothée, ule agronome mwenye kutufundisha kulima, alileta kitabu ya wadudu. Tukalinganisha: mistari ine ya manjano, macho mekundu yenye kugusana. Ndiyo yenyewe! Jina yake ni ndefu kama njia ya Lulimba. Lakini ramani ya kitabu ilisema iko kwenu Burundi tu; upande wetu wa ziwa, huku Congo, hakuna hata alama moja. Madame akakamata bic yake ya kuandika, akatia alama hapa Swima!

Mama iko muzima. Barua yako ya kutuita turudi Burundi tulisoma. Aksanti kwa nyumba umejenga, na kitanda cha Mama.

Kisha madame akataka kuandika jina ya mwenye kuona nzi. Akaniuliza: "Joselyne wa wapi?"

Miaka kumi tangu tulikimbilia hapa, tunajibu hilo swali namna moja: wa Burundi. Nikafungua kinywa, lakini Mama akanitangulia, akipangusa majivu mikononi:

"Andika wa Swima."

Kile kitanda umemutengenezea, yaya, ulalie we mwenyewe.

Mudogo wako mwenye kukupenda sana,
Joselyne