Bafta ya Kwenda Massachusetts

Lowell, Massachusetts
3 Novemba 2024

Mama mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, goti limepoa na duka linakwenda. Sisi hatujambo. Tumbo la mkweo Naziya limekuwa kubwa, anatembea ameshika kiuno kama mwenye nyumba anayefuata kodi yake.

Naandika kwa sababu kwenye simu tunagombana, halafu unanikatia. Barua huwezi kuikatia. Naituma kwa simu ya Mwahija ili akusomee palepale dukani, macho yako yapumzike.

Neno langu ni lile lile. Viza unayo. Mtoto atazaliwa Machi, inshallah, na Naziya hana mama. Nani atamkanda? Nani atamtazama siku arobaini? Mimi nashinda hospitali, kitengo cha kufua mashuka. Yeye kiwanda cha dawa kimempa likizo fupi tu. Hospitali, dawa na vyuo vikuu ndiyo mashamba ya jimbo hili.

Usiogope ukubwa wa Marekani. Jimbo letu dogo, linaingia mara mbili ndani ya Mkoa wa Lindi na nafasi inabaki. Mashariki ni bahari, na kipande cha nchi kimejikunja ndani yake kama mkono. Magharibi vilima na misitu. Sisi tuko kaskazini, ukingoni mwa mto Merrimack. Baridi ipo, sikufichi, lakini ndani ya nyumba ni joto.

Njoo, Mama.

Mwanao,
Zahid


Lindi
19 Novemba 2024

Mwanangu Zahid,

Waalaykum salaam. Marahaba. Goti halijapoa. Mwahija amenisomea barua yako mara mbili, ya pili kwa sauti ya kukuonea huruma. Nimemwambia mshahara anapewa na mimi, si na wewe.

Jibu ni hapana. Si kwamba mjukuu simtaki, usinigeuzie maneno. Duka hili ndilo la sanda. Mtu akifiwa Mtanda, akifiwa Milola huko, anakuja kwangu kwa bafta nyeupe, hata Ijumaa nikiwa nimefunga duka. Mwahija kanga anazijua, sanda bado. Umesahau wiki yake ya kwanza? Alimfungia mzee mmoja bafta ya sanda ya mkewe, akamkabidhi vizuri, akamwambia, "Karibu tena." Mzee wa watu akabaki anatutazama. Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Mteja wa sanda haambiwi karibu tena. Unamwombea subira, unanyamaza.

Na hilo jimbo lako nalijua kabla yako. Babu yako Valimohamed alikuwa akisimulia kwamba wazee wake walipofungua duka Kilwa, ile pamba nzito ya merikani waliyouza ilitoka huko huko Massachusetts. Inafumwa bado? Hebu niulizie.

Mama yako,
Gulbanu

Kaka Zahid, mwandishi ni mimi, na sina upande. Ila picha za tumbo la wifi anazitazama kila siku. Mwahija.


Lowell
15 Desemba 2024

Mama mpenzi,

Assalaam alaykum, shikamoo. Habari za goti? Sisi wazima. Theluji imeanguka, Naziya amenikataza kumwacha atembee peke yake hata mlangoni.

Nimekuulizia. Kumbe tunakaa juu ya jibu. Mto huu una maporomoko, na miaka mia mbili iliyopita matajiri wa Boston walichimba mifereji, wakajenga viwanda vya matofali mekundu vyenye mashine zilizosukumwa na maji. Waliofuma ni wasichana waliotoka mashambani, wakilala mabwenini na kuamshwa kwa kengele. Wakaja wahamiaji wa kila namna. Pamba yenyewe ilichumwa na watumwa wa majimbo ya kusini, na huku watu walikuwa wakijisifu kwamba wao utumwa wameuacha.

Jumapili tulikwenda Salem, mji wa bandari. Merikebu za pale zilipeleka merikani Unguja, kutoka hapo ikatawanyika pwani nzima. Zilirudi na pembe za ndovu na sandarusi, ule utomvu mgumu uliochimbwa huko kwetu. Ilipofika Salem ilioshwa, ikafanywa vanishi ya samani. Nilisimama pale nikajiona si mgeni sana.

Viwanda vilihama, vikafuata pamba kusini, kisha vikavuka bahari. Majengo yamegeuzwa nyumba za kupanga. Moja ni makumbusho: mashine zinawashwa mpaka sakafu inatetemeka, zinafuma vitaulo vya kufutia vyombo, watalii wanunue.

Kwa hiyo unakuja mahali ambapo kitambaa chako kilizaliwa. Nikate tiketi?

Mwanao,
Zahid


Lindi
2 Januari 2025

Mwanangu,

Waalaykum salaam, marahaba. Ahsante kwa historia. Kumbe na wao walikuwa na Kivinje yao ya kuuza watumwa, wanajidai mikono safi. Na merikani wameifanya kitambaa cha vyombo! Babu yako angecheka mpaka akohoe.

Siji.

Ila nijibu hili moja, na usilizungushe. Muislamu akifa huko, inakuwaje?

Mama yako,
Gulbanu


Lowell
26 Januari 2025

Mama,

Assalaam alaykum, shikamoo. Nisamehe kwa kukawia. Swali lako lilinikuta sina jibu, na nikaogopa kukupa la uongo. Sasa ninalo.

Kulikuwa na Mzee Mudathiri, mtu wa Kilwa Kivinje, amekaa Lowell miaka mingi peke yake. Kila Ijumaa baada ya swala alikuwa akinishika mkono na kuniuliza bei ya pweza Kilwa, kana kwamba nimerudi jana. Wiki iliyopita amefariki.

Msikiti una chumba cha kuoshea, na waoshaji wapo. Sanda ndiyo haikuwapo. Wao huagiza zilizokwishakatwa, zinakuja kwenye mfuko wa plastiki, na dhoruba ya theluji ilikuwa imezuia magari. Nikasema, "Mama yangu anauza sanda."

Nilikwenda kwa miguu mpaka duka la vitambaa. Nikapata pamba nyeupe, tupu, nzito kidogo kuliko bafta yako. Jora limeandikwa limetoka India. Mama, nilicheka peke yangu katikati ya duka, mwenye duka akadhani nimechanganyikiwa. Mji uliotuvisha pwani nzima hauna hata pima moja ya kumsitiri mtu wa Kilwa!

Nilifanya kama nilivyokuona. Nilikata kidogo kwa mkasi kwenye ukingo, nikashika pande zote mbili, nikavuta kwa mara moja bila kusita. Ilipasuka sawa. Vipande vitatu, na kamba za kufungia kutoka kwenye masalio.

Ardhi ilikuwa imeganda, mashine ikachimba. Tukamlaza ubavu wa kulia, akaelekea kibla, tukatia udongo kwa mikono yetu. Hivyo ndivyo inavyokuwa.

Sasa sikubembelezi tena. Naziya anakusalimu. Anasema mtoto anapiga teke kila akisikia sauti yako kwenye simu, hata unapogomba.

Mwanao,
Zahid


Lindi
9 Februari 2025

Mwanangu Zahid,

Waalaykum salaam. Marahaba, tena marahaba. Mungu amrehemu Mzee Mudathiri. Barua yako nimetaka isomwe mara tatu, na nimelia mara zote.

Nikwambie sasa. Duka lilikuwa kisingizio. Mimi nimesitiri nusu ya mji huu, na nilikuwa naogopa kufa huko theluji inaanguka, nikavishwa sanda ya kwenye mfuko na mtu asiyejua hata jina langu. Sikutaka kukwambia, ungeniona mwoga. Sasa najua mikono ya kunikatia ipo, na niliifundisha mwenyewe bila kujua.

Kata tiketi. Nije kabla ya Machi. Usijaribu kuninunulia koti la rangi ya pinki.

Duka litabaki na Mwahija. Alhamisi walikuja watu wa Milola, wamefiwa na mama yao. Nilikaa kwenye kiti, nikaweka mikono mapajani, nikamwacha. Alikata vipande vitano vya mwanamke, akawaombea subira, akanyamaza. Hakukosea.

Ninakuja na jora zima la bafta. Upande mmoja nimekwisha kukata winda za mtoto na nguo ya kumfungia, nimezifua na kuzianika. Upande wa pili ni vitano vyangu. Viko chini kabisa ya sanduku, usishtuke ukifungua, na usimwonyeshe Naziya mpaka atoke arobaini. Sina nia ya kuvitumia karibuni. Nataka tu kusafiri nikiwa nimekamilika.

Vyangu nilikata jana, nimesimama mbele ya kaunta kama mteja yeyote. Mwahija akavikunja, akavifunga kamba, akanikabidhi kwa mikono miwili. Halafu, sijui alisahau au alikusudia, akaniambia, "Karibu tena, Mama."

Sikumkemea. Nilimjibu, "Ahsante. Nitakaribia."

Mama yako,
Gulbanu