Vidonge Katika Kopo la Vifungo

Shikamoo Shangazi,

Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana kuanza kuongea na wewe bila shikamoo siwezi, hata kama uko chini ya udongo. Ungekuwa hapa ungenirushia kipande cha chaki. Ni mimi Tatu, mtoto wa kaka yako, yule uliyemfundisha cherehani mpaka vidole vikaota sugu. Nipo, na ni mzima. Nimekuja na habari ambayo ungeipenda kuliko mtu yeyote hapa Mpanda, kwa sababu inakupa haki yako. Nusu ya haki. Hiyo nusu nyingine tutagombana.

Kwanza ya dukani. Cherehani yako naitumia mimi, na bado inapiga kelele ukianza kuikanyaga, kisha inatulia. Wateja wako wa Kibaoni wanakuja kila baada ya mavuno ya mpunga, na wapo ambao habari haijawafikia. Wanauliza, "Mama Fundi yuko wapi?" Nikiwaambia, wanakaa kwenye benchi. Halafu wanakumbuka kwamba wewe hukuwa unawapima kwa futi, ulikuwa unawatazama tu na gauni linakaa.

Unakumbuka akiba? Mafundi wengine wa sokoni wanabana kitambaa. Wewe kila gauni la mwanamke uliliachia kitambaa kipana ndani ya mshono wa ubavuni, ukakiita akiba. "Mwanamke akitunzwa hupanuka," ulisema, "na akipanuka asije akamtukana fundi." Gauni langu la Idi uliliachia akiba ya watu wawili. Na kweli nilitunzwa. Kila mwaka ulinifumulia ubavu, ukashona upya, ukanipiga kofi la mgongoni kwa furaha: "Umenawiri, mwanangu!" Tulinawiri wote wawili, wewe mbele, mimi nyuma yako, na hakuna aliyekuwa na wasiwasi, maana katika ukoo wetu mtu mwembamba ndiye anayeulizwa ana nini.

Kwamba una presha tulijua. Ulipewa kidonge kidogo cheupe, kile cha kukojoza, ukalalamika kwamba kinakukatisha kazi. Baadaye kliniki wakakupima, wakakwambia na sukari imepanda. Hapo ndipo ulipotangaza maneno yako mbele ya wateja, mkono kiunoni: "Nyie, hiki kidonge kinanikojoza maji, sukari inabaki. Si kama chai ikichemka mpaka ikauka? Chini unakuta sukari tupu!" Tulicheka mpaka mteja mmoja wa Kasansa akasahau mzigo wake. Ila ulituambia unaendelea kumeza, na kila asubuhi tulikuona na kidonge mkono huu na kikombe cha maji mkono huu.

Halafu ukaanguka. Kiharusi, asubuhi, mkasi bado mkononi, na kitambaa cha gauni langu jipya umeshakikata, kimelala mezani. Hukusema neno tena.

Nilikuja kujua nikiwa nashona mashati ya shule. Niliingiza mkono kwenye kopo lako la vifungo pale dirishani, nikatoa kifungo cheupe, nikatafuta matundu ya kupitishia uzi, sikuyaona. Kilikuwa kidonge. Nikamwaga kopo lote mezani. Vidonge vilikuwa vingi, vimechanganyika na vifungo kama chuya kwenye mchele. Shangazi, nililia kwa hasira. Nilidhani uliamua kufa ukatuacha tunakutazama unakunywa maji matupu.

Hasira haikukaa sana, kwa sababu hofu ilikuja ikaiondoa. Wakati huo na mimi nilikuwa nimeshaambiwa nina presha. Kidonge nilichopewa kilikuwa kilekile, cheupe, cha kukojoza. Na siku chache tu kabla ya kumwaga lile kopo, kliniki walikuwa wamenichoma kidole wakasema sukari nayo imeingia. Nikaiona njia yako yote imenyooka mbele yangu. Nikimeza, sukari. Nisipomeza, kiharusi. Asubuhi nilikuwa nakishika kidonge mkononi, nakitazama, kisha natazama kopo. Sikukitupa, lakini kukimeza ilikuwa kama kumeza jiwe. Nilikuwa naogopa, Shangazi. Watoto wananiuliza mbona siongei, nasema nahesabu mishono.

Nikaona isiwe tabu. Siku ya kliniki nilibeba kopo zima, likilia njia nzima kama kayamba. Daktari alikuwa binti mdogo, ungeweza kumwambia alete sare yake ya shule tumpunguzie mikono. Nikamwekea kopo mezani, nikamweleza yote, hadi habari ya chai iliyokauka. Nilijua atanigombeza. Akacheka, halafu akaacha kucheka, akachukua kidonge kimoja akakigeuza. Akasema, "Mama, huyo shangazi yako alikuwa na macho."

Sikiliza sasa, hapa ndipo penye haki yako. Alinieleza kuwa zipo dawa za presha ambazo kweli zinaweza kuisukuma sukari juu kidogo, na hicho cha kukojoza ni mojawapo, hasa kwa mtu mnene ambaye sukari tayari inamgongea mlango. Ya chai siyo. Ni kwamba mwili unazidi kushindwa kuitumia sukari iliyomo kwenye damu. Na aliyeifungulia mlango hasa, akasema, ni unene wetu, kidonge kilisukuma kidogo tu. Wengi wanakimeza na hakiwasumbui, na hata anayesumbuliwa, kukiacha kimyakimya ni hatari kuliko hiyo sukari, maana presha haikusubiri. Tena zipo dawa nyingine za presha zisizo na tabia hiyo, na baadhi yake zinalinda figo za mwenye sukari. Unasema tu, unabadilishiwa.

Unasema tu! Nilimuuliza mara mbili.

"Kulalamika hakukuwa kosa," akaniambia. "Kosa ni kuwalalamikia wateja wa nguo badala ya kutulalamikia sisi."

Hapo ndipo ninapogombana na wewe. Ni nani aliyekuwa anawakemea watu mlangoni: "Gauni likikubana usilifiche kabatini, nirudishie mimi niliyelishona"? Ni wewe. Kidonge kilipokubana ukakificha kwenye kopo. Lakini hata nikigombana nacheka, maana kile kitu kilichokuwa kimenikaa kifuani kilitoka pale pale hospitalini. Hukuwa umeamua kufa. Hukuwa mjinga. Uliona jambo la kweli, ukakosa wa kumpelekea. Nilikaa kwenye kivuli cha ukuta wa duka la dawa, kopo mapajani, nikapumua mpaka muuza maji akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nimepona.

Kupona kwenyewe si kupona, ni kutunza. Kidonge changu cha presha kimebadilishwa. Cha sukari ni kikubwa, na kinanuka dagaa wa Karema waliosahaulika kwenye gunia, lakini nakimeza. Wali wa Kibaoni sijauacha, nisikudanganye, nimeupunguza tu, na sahani yako ile kubwa ya bluu sasa tunawekea matunda. Kutoka nyumbani Makanyagio mpaka sokoni natembea kwa miguu. Vijana wa bodaboda wameninunia. Mara ya mwisho daktari aliangalia vipimo, presha imetulia, sukari imeshuka, akanipa mkono kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Shida ni majirani. Nimepungua, basi imekuwa msiba. "Nyie, Tatu kaisha! Ana nini?" Mama mmoja alimvuta mume wangu pembeni akamwuliza kama tumekosana. Na yeye, bila haya, akajibu kwamba tumekosana na wali. Nafikiri wewe ndiye ungekuwa wa kwanza kunilaumu, ungenishika mkono ukasema nimekonda kama uzi. Kisha ningekueleza, na ungeelewa kabla sijamaliza. Ndiyo maana nimekuandikia. Kuna furaha nyingine haina ladha kama wa kuifurahia naye hayupo.

Lile gauni uliloliacha mezani nililikunja nikaliweka, nikiogopa hata kulifungua. Jana nimelishona. Niliweka futi kiunoni, nikaangalia ulivyokata, Shangazi, ulikuwa umeniachia akiba pana kuliko zote! Ulidhani nitazidi kunawiri mpaka mwisho wa dunia. Nimelishona kwa kipimo changu cha sasa. Kitambaa cha ubavuni kilichozidi nilishindwa kukitupa, mkono wako ulikuwa umepita pale kwa chaki. Nimekishona kuwa kipochi kidogo chenye kamba, nimekitundika kwenye cherehani, karibu na gurudumu. Dawa zangu zinakaa humo.

Basi lala, Shangazi yangu. Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako, akuachie nafasi pande zote kama ulivyotuachia sisi. Nakuahidi, asubuhi sitakanyaga cherehani kabla sijafungua kipochi, na siku dawa itakaponibana nitairudisha kwa aliyenipa, nitalalamika mpaka anichoke. Wateja wanaokuja na presha zao nawaambia hivyohivyo, kwa jina lako.

Kopo liko palepale dirishani. Sasa lina vifungo tu.

Mwanao,
Tatu