Kukhu, Ulishukia Wapi?

Kukhu, mke wangu,

Ni mimi, bwana yako mdogo, yule mjukuu mwenye sura nzuri. Usijifanye hunijui eti kwa sababu sasa una mahali pako peke yako nyuma ya migomba. Tulikuzika vizuri. Ngoma za isukuti zililia mpaka mchungaji akajisahau, akatikisa mabega. Ungekuwepo ungemcheka.

Lakini silali, Kukhu, na wewe ndiye wa kuambiwa.

Unakumbuka nilivyokuwa nikikuringia, nikitoka kwa trekta ya miwa na oili mpaka masikioni? "Siku moja nitakupandisha ndege." Nawe unasonga obusuma, ugali wako, bila hata kugeuka: "Wewe baiskeli tu imekushinda. Hiyo ndege yako nitapanda nikishakufa." Haya. Ukafia hospitali ya Nairobi, mwanao wa huko akalipa ndege hadi Kisumu, ukapanda. Wewe chini kwa mizigo, mimi juu dirishani kama waziri. Nilitimiza ama sikutimiza?

Kazi yangu ilikuwa moja. Senge, binti yako, shangazi yangu, alinipigia simu kutoka Iguhu: "Wewe ndiye unamleta. Mwambie mkiondoka, mwambie mkifika, la sivyo atabaki njiani." Tulipoondoka nilikuambia, polepole, maana jirani yangu kitini alikuwa mwanamume aliyevaa tai. Kisha nikaona ziwa. Nikaona mabati ya Kisumu yakija. Nikainama: "Kukhu, tumefika. Shuka twende nyumbani."

Hapo hapo ndege ikainua pua, ikarudi juu.

Rubani akaongea Kizungu kirefu. Nilishika neno moja tu, haidroliki, na hilo usinifundishe. Kwenye trekta ni oili ile inayosukumwa kwenye mabomba ya mpira kuinua trela. Oili ikivuja, trela haiinuki hata umtukane nani. Kwa ndege ndiyo inateremsha magurudumu, ndiyo inakaza breki. Nikamweleza yule wa tai, nikidhani ataniheshimu. Akaanza kulia.

Tulizunguka juu ya maji, tukazunguka tena. Halafu chini ya miguu yangu, gdu! Dada wa ndege akasema magurudumu yameachiliwa yakaanguka kwa uzito wake, na yamejifunga sawa. Akatuamuru tuiname, tushike vichwa. Nami, mwanamume mzima anayeendesha trekta, nilitia kichwa katikati ya magoti nikajikunyata kama kifaranga. Tulitua kwa kasi. Ndege iliyumba, ikakimbia karibu uwanja wote, breki zikinuka kama tairi linaloungua, ikasimama. Zimamoto kila upande. Haikuweza hata kugeuka, ikabidi ivutwe na trekta. Trekta, Kukhu! Nilicheka peke yangu, watu wakaniangalia.

Ila tulipotua kweli, sikukuambia. Mdomo ulikuwa umekauka.

Senge, aliyekuja kutupokea, akaniuliza pale nje, "Ulimwambia mmefika?" Nikajibu, "Nilimwambia." Si uongo. Lakini nilikuambia tukiwa bado angani.

Sasa nikipita mlangoni kwako naita "Mke wangu!" kwa mazoea, halafu nasimama pale kama mjinga. Kile kimya si cha mtu aliyelala. Ni cha nyumba ambayo mwenyewe bado hajafika. Maisha yako yote hukuwahi kunitii hata mara moja. Usiniambie ulinitii siku hiyo. Usiniambie ulishuka, pale juu ya maji, wewe uliyeogopa mto Yala hata wakati wa kiangazi.

Kesho nachukua pikipiki ya jirani, naenda Kisumu. Nitasimama kwenye ua wa uwanja wa ndege niseme kwa sauti, wenye tai wote wasikie: "Kukhu, sasa ndio tumefika." Kiti cha nyuma kitabaki wazi. Mtu akinisimamisha nitamwambia kina mwenyewe. Kila daraja nitakutajia. Tukifika Yala nitazima injini, ushike shati langu, uvuke ukinitukana unavyotaka. Sitakuharakisha.

Kwaheri ya kulala nitakupa ukishakuwa kwako, nyuma ya migomba. Leo usilale, mke wangu. Popote uliposhukia, simama hapo hapo. Nakuja.

Bwana yako